Honi Mbili Kila Njia Panda

Baada ya miaka thelathini na mmoja nyuma ya usukani wa magari ya zimamoto, dereva wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye hati za ofisi ana jina lake kamili na cheo chake. Hapa kituoni anaitwa Mzee Breki, na mwenyewe anaitika. Mkuu wa kituo aliniomba niandike wasifu huu kwa jarida letu akisema mimi ndiye niliyekaa naye karibu zaidi. Ni kweli. Nimekaa kiti cha pembeni yake miaka mingi, kazi yangu ikiwa kubonyeza king'ora na kusaga meno.

Jina hilo halina siri. Gari la zimamoto likiwa kazini, king'ora kinalia na taa zinazunguka, magari mengine hupisha, na sheria inaliruhusu lipite hata kwenye taa nyekundu. Ruhusa hiyo kila dereva wa zimamoto anaifurahia, isipokuwa mmoja. Mzee Breki akifika kwenye njia panda anasimama. Sisemi anapunguza mwendo. Anasimama, tairi zinatulia kabisa. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama kulia tena, anapiga honi mbili, ndipo anaondoka. Na kitongoji chetu hiki, sijui aliyekichora alikuwa na kisirani gani, ni njia panda tupu.

Sisi wengine wakati huo tumeshavaa makoti mazito na helmeti, jasho linatuchuruzika, moshi tunauona kwa macho yetu, na gari limetulia utadhani linasubiri bibi harusi apande. Muuza matunda wa kona ya soko alizoea kutusalimia mmoja mmoja.

Ukimlalamikia, anakujibu bila hata kugeuka: "Nimebeba maji matani na matani, na watu sita. Nikimgonga mtu hapa, kule tunakoitwa atafika nani?" Kisha anaongeza, kwa upole unaoudhi kuliko matusi, "Wewe endelea na king'ora chako." Katika miaka yote hiyo hajamgonga mtu, hajakwaruza hata kioo cha pembeni. Hilo ndilo linalokera zaidi. Utabishana vipi na mtu kuhusu ajali ambayo haikutokea?

Alianza kazi na gari kuukuu lililoitwa Bi Mkubwa, lenye ngazi ya mbao juu na pampu iliyohitaji kubembelezwa kabla ya kutoa maji. Alilijua kila kikohozi. Mkewe, ambaye sote tunamwita shemeji na ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, alikuwa akipita kituoni kuuliza mke mwenzake ameamkaje. Lilipokuja gari jipya, lenye skrini, kamera ya nyuma na pampu ya nguvu, tulidhani tumepona. Mzee akalizunguka siku nzima. Pampu hakuitia kasoro, wala kamera. Aliikataa honi. Alisema inalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, na nani ampishe mbuzi? Akamganda mkuu wa kituo ofisini, uani na kwenye vikao, mpaka fundi akaing'oa honi ya Bi Mkubwa na kuifunga kwenye gari jipya. Honi ile inasikika kitongoji kizima. Inasikika hata pale ambapo hakuna anayeitaka.

Yeye pia ndiye aliyewafundisha madereva wote tulio nao. Gari letu la ngazi ni refu kuliko akili ya aliyelinunua, na linaingia bandani kwa kurudi nyuma tu. Mzee alipanga mapipa mawili uani, akatulazimisha kupitisha gari katikati, kinyumenyume, mpaka kila mmoja aweze bila kugusa. Ukigusa, unaanza upya. Kuna watu wazima hapa kituoni ambao bado wanayaota yale mapipa.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi, maana nikiiruka shemeji hatanisamehe. Redio iliita: moto, nyumba ya geti jekundu nyuma ya shule ya msingi, mtungi wa gesi umelipuka jikoni, kuna mtu ndani. Hatukuhitaji maelezo zaidi. Geti lile Mzee alilipaka mwenyewe, kwa rangi iliyobaki siku tulipompaka Bi Mkubwa. Ilikuwa nyumba yake, na saa zile aliyekuwa nyumbani ni mmoja tu.

Akaondosha gari. Njia panda ya kwanza, akasimama. Sikuamini macho yangu. Kulia, kushoto, kulia, honi mbili. Ya pili, akasimama. Nikampigia kelele, "Mzee, ni shemeji yule!" Akasema, "Najua ni nani." Ya tatu, akasimama vilevile. Nilimwita majina ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa, na hadi leo sijafuta hata moja.

Tulipofika hakukimbilia ndani. Kwetu dereva ndiye mwenye pampu. Akiiacha, wenzake walioingia na mpira wa maji wanabaki mikono mitupu mbele ya moto. Akasimama pale pale pembeni ya gari, nyumba yake ameipa mgongo, macho kwenye geji ya pampu, sisi tukikata nondo za dirisha la chumba cha nyuma. Maji ya gari yalipokaribia kwisha, akaunganisha boza la maji lililotufuata, na mpira wetu haukulegea hata kidogo. Hakugeuka kutazama. Nilipita karibu yake kuchukua ngazi nikaona analia, machozi yanashuka tu, na mkono uko kwenye valvu ya pampu.

Shemeji akatolewa dirishani, mweusi kwa masizi, anakohoa, na alipoanza kusema alianza kwa kugomba. "Nimelala sakafuni nawasikia! Honi mbili, kimya. Honi mbili, kimya. Nilikuwa nimeshanyanyuka nipite kwenye moto hivyo hivyo, liwalo na liwe. Nikasikia ile honi nikajua ni yeye, nani mwingine anasimama watu wanaungua? Nikapandwa na hasira, nikalala chini tena. Nikasema huyu atachelewa, lakini anakuja." Kisha akaenda kwenye pampu, akamshika koti kwa nyuma, akakaa hivyo hivyo mpaka moto ulipozimwa.

Jiko limejengwa upya na geti bado ni jekundu. Mzee, kwa niaba ya kituo kizima, asante kwa kila safari uliyotufikisha na kila mtu uliyemrudisha kwao akiwa mzima. Asante hata kwa mapipa. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na kengele, na siku nyingi za kukaa na shemeji bila kuitwa na mtu yeyote.

Ijumaa mchana tutamrudisha nyumbani kwa gari la zimamoto, kama tunavyomfanyia kila anayestaafu. Usukani alishanikabidhi mwanzoni mwa wiki hii; yeye atakaa kwenye kiti changu abonyeze king'ora, na ninamwomba mbele ya wasomaji wote asinifundishe njiani. Shemeji naye ameshatuma ujumbe: "Mleteni moja kwa moja. Msisimame popote. Nimemsubiri vya kutosha."

Ombi hilo ni la haki kabisa, na nilikusudia kulitimiza. Lakini Jumatatu tuliitwa kwenye moto wa karakana ya seremala, mara yangu ya kwanza kuendesha nikiwa dereva mkuu, nikajiambia leo tutafika kama watu. Njia panda ya kwanza, mguu ukakanyaga breki wenyewe. Kulia, kushoto, kulia. Nyuma yangu nikasikia mtu anasaga meno.

Kwa hiyo, shemeji, utuwie radhi. Utatusikia kuanzia sokoni. Acha geti wazi, tunakuja.