Mama Viraka, Aliyedai Wodi Akakataa Kiti

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama Viraka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake. Tarehe 6 Juni 1973 aliolewa na fundi saa, aliyepeleka shati lilelile kushonwa kifungo mara nne kabla ya kuthubutu kusema lililomleta.

Mwaka 1994 wodi ya wazazi ya zahanati yetu ilifungwa. Mdogo wake alijifungulia kwenye teksi, njiani kwenda hospitali ya mbali, na mtoto hakuishi. Marehemu hakupiga kelele. Alikusanya wanawake kumi na mmoja, na kila Jumatatu wakaketi katika korido ya ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri wakishona nguo za watoto wachanga.

Alikosea mara moja. Alishona vilemba vya kundi kwa jora la kijani, akisahau kuwa hiyo ni rangi ya chama kimojawapo. Wiki hiyohiyo katibu wa chama hicho akafika kwenye duka lake la ushonaji, meno yote nje.

"Kumbe mama u mwenzetu! Gombea udiwani, kura unazo."

"Baba, nyinyi mnatafuta kiti. Sisi tunamsumbua yeyote aliyekikalia, mpaka wodi ifunguliwe. Ikifunguliwa, tunarudi nyumbani."

"Si ukikipata kiti utaifungua mwenyewe?"

"Na nikishaingia ndani, nani atakaa koridoni kunisumbua mimi?"

Alifumua vilemba vyote, akavishona upya kwa vipande vya kila rangi. Jina lake lilitokea hapo. Wodi ilifunguliwa tarehe 2 Septemba 1996, na kundi likavunjwa siku hiyohiyo. Jumatatu iliyofuata tarishi wa ofisi alikuja dukani kuuliza kama kuna aliyeugua.

Mwaka jana marehemu alipatwa na maradhi ya figo. Alifariki tarehe 9 Aprili mwaka huu. Siku tatu kabla ya hapo alimwita bintiye: "Vyama vyote vitakuja kunizika. Wapeni viti, wapeni chai. Bendera zibaki getini."

Ameacha mume, mdogo wake, wajukuu watano, na bintiye huyo, ambaye ni mkunga katika wodi ileile. Jeneza lake limefunikwa kwa vilemba kumi na viwili vya viraka, vilivyounganishwa.

Wodi iko wazi, mama. Rudi nyumbani, upumzike kwa amani.