Kilichomuua Obed

— Marehemu hafanyiwi usaili, mama! Roho ikishatoka, maswali ya nini tena?

Hivyo ndivyo Bibiana alivyoambiwa na mwanawe Yoramu asubuhi ile, tena mbele za watu. Akageuza vitumbua kwanza, maana mafuta yalikuwa yameshachemka na kitumbua hakisubiri hasira za mtu.

Benchi lake la kahawa liko Kibaoni, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, ukikaa dakika mbili unainuka na pumba kwenye nyusi. Bibiana anauza hapo kahawa ya tangawizi na vitumbua, na ugomvi wa kila ukoo wa mtaa ule unapita mbele ya birika lake kabla haujafika kwa mwenyekiti. Wakaaji wa kila siku ni watatu. Wa kwanza Theodori, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Amefundisha watoto komunyo mpaka ndevu zikaota mvi, kwa hiyo wanamwita Katekista. Wa pili Gosbert, huyo ni Vipimo. Ujanani alikuwa akikunja suruali usiku, anakaa kimya mbu wamtue mguuni, awakamate kwa ajili ya watu wa utafiti. Basi tangu hapo anajiona daktari. Wa tatu ndiye Yoramu, aliyeokoka kwenye mkutano wa hema, wanamwita Mtume, na yeye hakatai.

Ugomvi wa siku hiyo ulianzia kwa binti mmoja wa utafiti, Rosemery, aliyefika asubuhi na shikamoo yake nzuri kuuliza habari za kifo cha Obed, mtoto mkubwa wa Bibiana. Watu wa utafiti huku ndivyo walivyo. Mtu akifa wanaacha msiba upoe, halafu wanakuja kuuliza taratibu: joto lilianza lini, alitapika, alidegedeka, macho yalikuwaje. Bibiana akajibu moja, akajibu la pili, la tatu likamshinda. Obed aliugulia Idete, kwenye kibanda cha shambani, msimu wa kuinga ndege kwenye mpunga, na aliyekuwa naye ni mkewe tu, Dativa, pamoja na katoto kao Omega. Bibiana aliletewa mwili.

— Basi nitafutieni huyo mkewe, Rosemery akasema. Nitarudi.

Akaenda zake. Benchi likabaki linawaka.

— Watafute mke! Yoramu akasema. Mke ndiye mwenyewe! Nabii wetu wa kanisani alishaona kwenye maombi, akasema naona mwanamke, naona ungo, naona mto. Mnataka aseme na namba ya simu?

— Ungo nani hana? Bibiana akauliza. Hata mimi ninao.

— Mama, usichezee mambo ya rohoni.

— Acha kamba, Mtume, Vipimo akadakia. Ile ni malaria. Mbu wa siku hizi si wale wangu. Wangu walikuwa na heshima, wanakuja watu wamelala. Wa sasa wanang'ata jua bado liko juu ya milima ya Udzungwa. Wamejifunza saa za chandarua.

— Mbu ana saa?

— Ana akili kukupita wewe! Tumepima. Ukivaa nguo nyeusi anakujua. Ukila wali wa nazi anakujua. Mimi nasikia sasa wanajua hata nani amepuliziwa nyumba na nani bado, wanapeana habari.

— Wanapeana habari kwa lugha gani? Katekista akauliza. Kindamba au Kipogoro?

Watu wakacheka. Hata Bibiana alicheka kidogo, halafu akajuta, maana Obed ndiye aliyekuwa akicheka hivyo, kwa pua, mpaka kahawa inamwagika.

Katekista akaweka kikombe chini kama anavyoweka kabla ya mafundisho.

— Nisikilizeni. Siku ya Obed ilikuwa imefika. Mungu akitaka chake hatumii mbu wala ungo.

— Sasa hospitali za masista zimejengwa za nini, Katekista? Kama siku imefika, si wangejenga makaburi tu?

— Vipimo, usinitukanie masista!

— Nauliza tu.

— Na mimi nauliza, Yoramu akasema. Baba mdogo, kama ni Mungu, mbona Dativa hajakohoa hata mara moja? Walilala kibanda kimoja, mbu wale wale. Kwa nini yeye, si huyu?

Vipimo akainua kikombe kitupu, akakirudisha.

— Damu, akasema. Kuna damu tamu.

— Damu tamu! Hiyo ndiyo sayansi yako?

Mambo haya yalishafikishwa mpaka serikalini. Baada ya matanga Yoramu alimpelekea mwenyekiti wa mtaa maneno ya nabii, na mwenyekiti akasimama kwenye mkutano wa hadhara, akakohoa, akasema: "Ndugu wananchi, serikali haina dini na haitambui uchawi. Lakini mimi mwenyewe dini ninayo, na uchawi naujua." Akakaa. Kikao kikafungwa, hakuna aliyeelewa kama Yoramu kashinda au kashindwa.

Bibiana akamimina raundi ya pili. Yeye rozari yake anasali, na mjukuu akichemka alikuwa akimbeba mgongoni hadi zahanati, na njiani anasali hiyo hiyo rozari. Hajawahi kuona vitu hivyo vikipigana ngumi. Kinachopigana ni watu. Yeye kinachomuuma ni kingine. Kila asubuhi kitumbua cha kwanza hutoka kibaya, kimekunjamana upande mmoja kwa sababu kikaango hakijakolea, na hicho kilikuwa cha Omega. Alikuwa akisimama kando na mkono umeshanyooshwa kabla hakijaiva. Sasa Bibiana anakitoa, anakiweka pembeni, kinapoa, anawatupia kuku. Mjane na mtoto wake walikwenda kupumzika kwa wazazi wa Dativa, Mang'ula, kama ilivyo desturi. Na desturi inasema matanga yakishaisha upande wa mume wanakwenda kumchukua mjane, na khanga mpya na kuku mkononi, wanamrudisha nyumbani kwake. Mavuno yamepita. Mpunga wa Obed umeshakobolewa kwenye mashine hii hii. Dativa hajarudi, na Bibiana alishajiambia moyoni: amekataa. Ametusikia tunayoyasema, amekataa.

— Nimepata! Vipimo akaruka. Mbu ni mbu, hilo tusibishane. Lakini mbu yule angeweza kutumwa.

Yoramu akapiga paja.

— Hapo sasa! Hapo mzee wangu umeongea! Mbu wa sayansi, aliyemtuma wa giza.

— Na aliyeruhusu ni Mungu, Katekista akamalizia.

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wale watatu wamekubaliana, wakapeana mikono juu ya birika, kila mtu ana kipande chake, wote wameshinda. Bibiana akawatazama wanavyofurahi. Mtoto wake amegawanywa mafungu matatu kama nyama ya sikukuu, na yeye hakupata hata kipande.

— Na Dativa mmemsema mpaka amekataa kurudi na mtoto, akasema.

Pale mwisho wa benchi kulikuwa na mtu mmoja, Seni, Msukuma wa ng'ombe, ameleta magunia yake mashineni anasubiri zamu. Alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu.

— Shikamoo mama, akasema. Samahani, mimi mgeni wa maneno haya. Huyo mama wa mtoto, nani alikwenda kumchukua akakataa kuja?

— Wewe chunga ng'ombe wako wasile mpunga wetu, Vipimo akatania. Mambo ya ukoo yanakuhusu nini?

— Nauliza tu, mzee. Kwetu lazima aende mtu.

— Na kwetu pia, Bibiana akasema. Alikwenda shemeji. Si ulikwenda, Theodori? Wewe ndiye mkubwa uliyebaki.

Katekista akajifuta mdomo, ingawa mdomo ulikuwa mkavu.

— Mimi... nilisema ijulikane kwanza kilichomuua. Ningekwenda kusema nini? Nikajua Yoramu, kama shemeji mtu, atapita na pikipiki.

— Mimi! Baba mdogo, mimi nabii kanikataza hata salamu! Nilijua mama kamtuma Vipimo, si ndiye anayepeleka dagaa huko.

— Nitumwe na nani? Vipimo akasema. Mimi si wa ukoo. Mimi nilijua mmemfukuza.

— Nani alimfukuza? Seni akauliza.

Mashine ilikuwa imezimwa kubadilisha chekeche. Unasikia mafuta yanavyotoa povu. Katekista akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyekwenda. Yule mwanamke amekaa Mang'ula miezi yote anatazama njia, anasubiri khanga mpya, na huku Kibaoni wanasubiri sababu ya kifo.

Bibiana akafunika birika.

— Mama, raundi moja tu ya mwisho, Yoramu akasema.

— Imekwisha.

— Si naiona inatoa moshi?

— Nimesema imekwisha.

Akafuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia Seni.

— Baba, gunia zako ukishakoboa unaelekea wapi?

— Mang'ula, mama. Nina mteja wa mchele kule stesheni.

— Shemeji, Katekista akadakia, mama mkwe haendi kumchukua mkwe wake, wala hapeleki salamu na mpita njia. Si desturi.

— Desturi mlipewa ninyi, mkaikalia. Bibiana hakumtazama. Baba, nisikilize vizuri. Pale Mang'ula uliza kwa mzee Agapiti msuka majamvi, ndiye baba yake Dativa. Mwambie Dativa kesho nakuja na gari la kwanza, mimi mwenyewe, asikimbilie ndani akiniona. Mwambie siji na nabii, siji na Katekista, na yule binti wa utafiti atamjibu siku akipenda. Mimi kilichomuua sikiulizi. Mwambie mama mkwe wake anataka kujua Obed alikula nini jioni ile, kama aliinga ndege kwa kuimba au kwa kupiga debe, kama alinitaja. Hayo tu. Hayo mwingine hana, ni yeye tu. Na usipomkuta, baba, mwachie jirani, jirani amwambie mwenzake wa kisimani, mwenzake amwambie mtoto wa shule anayepita pale, lakini neno langu lisilale njiani. Limfikie leo.