Redio Iliyo Chini ya Chungu cha Maua

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hali ya Hewa. Wasaidizi ulioambatana nao. Na ninyi majirani mliokubali kuzima mashine za kusaga kwa saa moja ili tusikilizane: salaam nyingi.

KARIBU KWETU

Sisi wanachama tumefurahi mno kukuona, na furaha yenyewe imetushinda kuificha. Mwenyekiti wetu amepiga pasi shati lile lile mara tatu tangu asubuhi. Ukumbi huu ni karakana yake ya useremala, kwa hiyo ukiinuka na vumbi la mbao kwenye nguo, tuwie radhi. Tumefagia tangu juzi.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka kumi na moja iliyopita, watu wanne na redio moja mbovu. Tunakusanya redio za mawimbi mafupi walizotumia zamani waendesha redio wa ridhaa, wale wasiolipwa, na vituo vya mawasiliano: masanduku ya chuma yenye taa za kioo ndani, mazito ya kubebwa na watu wawili. Hatuzikusanyi zikae kabatini kama vyombo vya wageni. Tunazitengeneza, tunazisikiliza.

Mwalimu wetu ni bibi yule wa safu ya mbele, mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Sisi humwita Mama Nukta. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mfanyakazi wa idara yako, akipokea taarifa za mvua na upepo kwa milio ya nukta na vistari kutoka kituo cha mlimani. Mwenzake wa huko juu hajawahi kumwona kwa macho hadi leo, ila mkono wake wa kupiga nukta anaujua kuliko wa ndugu zake.

Kituo kilipofungwa, redio yake ilichukuliwa, na hakuna aliyemwambia ilikopelekwa. Hutusimulia habari zake kila tukikaa. "Kirungu cha kutafutia stesheni kilivunjika, nikakipachika kifuniko cha chupa ya wino. Cha buluu. Bosi alinifokea, lakini kilizunguka vizuri kuliko cha kwanza." Tuliitikia kwa adabu, kisha nyuma ya mgongo wake tukasema bibi anatia chumvi.

TULIYOYAFANYA

Leo redio kumi na tisa zinaongea, mojawapo tuliikuta kuku wanataga ndani yake. Na kila Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, yule mzee wa mlimani, ambaye naye amestaafu na ana kibali chake cha redio ya ridhaa, humtumia Mama Nukta salamu. Hajakosa hata mara moja.

YANAYOTUKWAZA

Taa za kioo zimeadimika na mashine za kusaga hutujazia makelele. Hayo tumeyazoea. Linalotunyima raha ni masikio ya Mama Nukta. La kulia limeziba kabisa. La kushoto linashika sauti nzito peke yake, na daktari amesema nalo halitamaliza mwaka. Tumemjaribia redio zote kumi na tisa. Zote sauti zao ni nyembamba, hazimfikii. Kwa hiyo Jumamosi sisi ndio tunaosikiliza, tukamwandikia salamu kwenye karatasi. Huisoma, huikunja, huitia mfukoni. "Haya, ahsanteni wanangu." Inatuuma sana. Yeye husema redio yake ya kazini ndiyo iliyokuwa na sauti nzito, kama ya mtu anayeongelea kifuani.

Mgeni rasmi, ulipofika uliuliza kwa nini barua ya mwaliko ilichelewa siku tatu. Ukweli ni kwamba katibu wetu aliileta ofisini kwako mapema. Alipokuwa akingoja, aliona dirishani chungu cha maua, chini ya chungu sanduku la chuma la kijivu, na kwenye sanduku hilo kifuniko cha buluu. Akapiga magoti pale pale. Mhazili wako akamwuliza, "Baba, umeangusha kitu?" Akajibu, "Hapana, mama. Nimeokota." Akatoka mbio hadi hapa, barua ikiwa bado mfukoni.

TUNALOKUOMBA

Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba redio hiyo, iwe kwa kupewa au kuazimwa. Chungu chako tumekichongea kigoda chenye kimo kile kile, kimepakwa vanishi, na ua halitajua kama limehama. Na ule mkokoteni wenye godoro uliopishana nao mlangoni si wa mgonjwa. Fundi wetu anataka siku saba, maana redio iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa, huamshwa kidogo kidogo.

Tena tuna kosa la kukiri. Jumamosi iliyopita tulishindwa kujizuia, tukamtangulizia habari mzee wa mlimani kabla ya kukuomba wewe.  Akatuma jibu, polepole: "Kile kifuniko cha buluu bado kipo?" Hatukuwa tumemtajia kifuniko.

Mama Nukta hajui lolote. Tumemketisha makusudi sikio lililoziba likielekea kwa msomaji wa risala hii, na hapo anapotikisa kichwa kwa kukubali, anadhani tunaomba mabati ya paa.

Kwa hiyo ukiridhia, usitujibu sisi. Mwendee pale alipoketi, uiname upande wa kushoto. Tulikusikia ukisalimia, sauti yako ni nzito ya kutosha. Mwambie neno moja tu: imepatikana.

Mungu akuzidishie afya, akulindie kusikia kwako na kwa wote uwapendao.

Ni sisi,
Chama cha Wapenzi wa Redio za Zamani