Kichwa cha Kunegunda na Karatasi ya Moyo Wangu

Nani kati yenu alimshika mikono dada yangu Kunegunda akinyolewa? Usiangalie chini, Dastan, swali langu halijaanguka huko. Asubuhi ameniletea uji kama siku zote, kitambaa kikamteleza, nikaona upara wenye michubuko ya wembe. Mwanamke wa miaka sitini na nane mmempakia kwenye lori la tumbaku mpaka Namtumbo, mganga akamnyoa huo mnaouita uchawi, watu wakicheka, eti ndiye anayeniua. Na uji bado aliupika, akaupuliza upoe.

Sikilizeni, vana vangu, pumzi yangu inakuja kwa vipande.

Ni kweli tuligombana. Shamba la Madaba baba yetu alimwachia yeye, mimi nikalilima miaka kumi na moja kwa ubabe, naye akaniambia, "Polikarp, mahindi haya hutayamaliza." Neno la hasira la dada kwa kaka. Miguu yangu ilipovimba mkalifukua neno hilo, mkalifanya hirizi.

Lakini kinachoniua kimepimwa. Mwaka jana Saimon alinipeleka Dar es Salaam. Daktari akanipaka mafuta baridi kifuani, mashine ikatoa sauti ya damu yangu, shwaa, kimya, shwaa, kama bomba la mtaani kwetu siku ya mgao. Wakanikata na kinyama cha tumboni, wakakipima. Majibu yalipotoka, daktari na Saimon wakaongea Kiingereza juu ya kichwa changu: moyo umejaa protini mbovu, kuta zimenenepa na kukakamaa, damu inaingia kidogo halafu inakosa nafasi. "Prognosis is very poor. A year, perhaps less." Yaani mwaka mmoja, pengine haufiki. Saimon, ulisahau kwamba kabla ya kupunguzwa kazi nilikuwa karani wa tumbaku miaka ishirini na mbili, nikibishana na wanunuzi kwa Kiingereza hicho hicho? Nikanyamaza, nikikusubiri uniambie. Tulipotoka nje ukasema, "Baba, wamesema utapona."

Graduate wangu! Degree ukutani, ajira hakuna. Hilo sikulaumu, milango wameifunga wenyewe huko juu. Lakini wakati wanampakia shangazi yako, ile karatasi ya majibu ya daktari ilikuwa sandukuni kwako, nawe ukakaa kimya like a stone. Ulinihurumia mimi, ukamtoa yeye kafara. Nami niliujua ugonjwa wangu nikanyamaza, nusu ya wembe ule ni wangu.

Basi shamba la Madaba lirudi kwa Kunegunda, leo, si nikishazikwa. Nyumba ni ya mama yenu Lidwina, asisumbuliwe na mtu. Baiskeli chukua wewe Dastan, ikupeleke kwa padri ukaungame. Nikikata roho, Kunegunda ndiye atakayenifumba macho. Mwingine asiniguse.

Mungu awa... nipeni maji. Mungu awabariki wote, hata wewe, Dastan. Mkono haunyanyuki, sogezeni vichwa.

Kunegunda, dada, kaa hapa, vua kitambaa wakuone. Saimon, lete karatasi. Simama mbele ya shangazi yako, usome yote, kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka majirani wasikie nani hakuniua.

Soma. Bado nasikia... soma.