Programu Nilizoingiza Nikashindwa Kuzitoa

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kusimama mbele. Leo nimesimama kwa sababu nilidanganya watu wa hii Busia, na nataka niseme nilivyoacha.

Nilikuwa karani wa kampuni ya kupitisha mizigo mpakani. Kazi ilipoisha nikafungua duka la kuchapisha karatasi kule Burumba, kompyuta tatu kuukuu. Nikaziwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ile aina ambayo programu haziji zimepikwa. Unapewa unga, unasonga ugali mwenyewe. Kuna programu maalum ya kusimamia usongaji huo, inaitwa meneja wa pakeji. Mimi nikasema, wa nini? Nitajenga kwa mkono. Kiburi, ndugu zangu!

Miezi ya kwanza nilitamba kweli. Halafu printa ikaanza kukataa, nikataka kuondoa programu ya zamani ya kuchapisha. Mafaili yake yako wapi? Sikuwa nimeandika popote. Nikafuta kwa kukisia, nikafuta hata ya jirani yake. Kompyuta ikazima, haikuamka. Na mjue ukaidi wangu: nikarudia vile vile kwa ya pili, na ya tatu.

Siku hiyo mbele yangu alikuwa dada mmoja, wakala wa forodha, lori lake la vitunguu likingoja karatasi livuke. Nikamwambia, "Pole dada, stima imepotea."

Akaangalia juu. Balbu ilikuwa inawaka.

"Kwani hii balbu inatumia maombi?" akasema, akabeba faili zake akaenda. Foleni yote ikamfuata. Haki niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Duka likakaa bure. Nilianza kufunga vitu nirudi kwetu Amukura, na nilipotoka huko niliapa sitarudi mikono mitupu. Lakini kabla sijaenda nikapanda boda mpaka maegesho ya malori Malaba, nilikoambiwa yuko, nikamtafuta yule dada, nikamwambia ukweli wote.

Alinicheka kwanza. Kisha akauliza, "Si ulikuwa karani wewe? Lori la transiti, lile la kupita nchini tu, faili yake tunaifunga lini?"

"Likishatoka nchini."

"Na linaingia vipi?"

"Limeandikwa. Kila kitu kilicho ndani."

"Sasa wewe umeingiza mizigo bila kuandika. Ulitaka kuitoa vipi?"

Wee! Miaka yote hiyo kazi nilifanyia wengine, kwangu nikasahau.

Nikarudi, nikaweka upya kompyuta moja, nikajaribu mameneja wawili. Sikuuliza nani ana mbio. Nilipima hivi: nikiweka programu kumi kisha niziondoe, nini kinabaki? Wa kwanza alikuwa mwepesi, ananifurahisha, lakini aliacha takataka kila kona, na ukimwambia atoe kitu ambacho kingine kinakihitaji, anatoa tu! Wa pili alinikasirisha. Maswali mengi, na kujenga kunachukua siku nzima. Lakini kila faili aliiandika, alikataa kutoa kinachohitajika, na alipotoa alifagia. Nikamchukua huyo, na subira nikajifunza kwa lazima. Sasa kompyuta moja inajenga, zile mbili zinapokea kilicho tayari.

Mwezi uliopita printa ilikataa tena. Na nani ameketi mbele yangu? Dada yule yule. Nikamwambia, "Dada, si stima. Ni mimi, nimeweka toleo baya la programu. Nipe dakika kidogo." Nikalitoa, nikarudisha la zamani, karatasi zikatoka. Lori lake likavuka mchana huo huo.

Namshukuru huyo dada, yuko hapa ndani, sitamtaja. Nawashukuru na nyinyi mliorudi dukani. Nawaambia hivi: chochote unachoingiza kwako, andika, na ujue mapema utakitoa vipi. Ukikosea, sema umekosea, mtu atakungoja.

Na mkija Burumba mnisikie nikisema stima imepotea, msiangalie juu. Imepotea kweli.