Kumi na Wawili kati ya Kumi na Tisa

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio kwenye maghala ya viazi, punguzeni kelele kidogo. Leo sipigi muziki. Leo namkumbuka Bi Eduvina Maestas, karani wa shule yetu ndogo ya sekondari, ile tuliyoiita La Chiquita. Amefariki Jumanne, hapa hapa Piedra Chica, akiwa na miaka sitini na minane. Bi Eduvina Maestas, karani, miaka sitini na minane. Mimi ni Lorenza Quintana, mtangazaji wenu wa redio, mnanijua, na leo nina neno zito. Nitalifikia.

La Chiquita ilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja tu. Waliokataliwa na shule kubwa ndio walioletwa kwetu: waliofukuzwa, mabinti wenye watoto wachanga, vijana waliochambua viazi alfajiri ndipo waende darasani. Kila mwaka jimbo lilitoa ripoti ya shule, ukurasa mmoja. Wahispania, yaani sisi wenye majina ya Kihispania, thelathini na mmoja. Kundi lenye watoto chini ya kumi halikuandikiwa idadi, liliwekewa alama ya nyota, eti wasitambulike. Basi Wamaya waliotoka Guatemala, nyota. Wazungu, nyota. Waliofaulu hisabati, nyota. Bi Eduvina alishika penseli, na pembeni ya kila nyota akaandika majina yao, mpaka nyuma ya karatasi.

Dada yake, Bi Priscila, ananiambia karatasi hizo zipo zote, za miaka ishirini na miwili, ndani ya kopo la biskuti.

"Nilimwambia, we Vina, takataka hizo unamtunzia nani? Akanijibu, nyamaza wewe, hujui hata wajukuu zako ni wangapi."

Alikuwa na ulimi huyo, Mungu amrehemu. Na kila Oktoba, siku ya kuhesabu wanafunzi, ambapo asiyekuwepo darasani hahesabiwi, alizunguka na pikapu yake nyumba kwa nyumba, kikapu cha burito, zile chapati zilizokunjwa na mayai na pilipili ndani, kando yake. Fidel Archuleta, fundi wenu wa matrekta, hajasahau.

"Nilikuwa nimelala fofofo. Akaniwekea burito ya moto kifuani. Akasema, amka mzee, leo wewe ni mtu, kesho ukitaka endelea kulala."

Fidel alimaliza shule mwaka ule.

Sasa nije kwenye mwaka jana, wasikilizaji wapendwa. Sheria ilikuwa hivi. Theluthi mbili za wanafunzi wamalize masomo ndani ya miaka minne. Shule ikishindwa miaka mitatu mfululizo, bodi yetu inaweza kuifunga. Sisi tulishashindwa miwili. Mwaka jana waliomaliza walikuwa kumi na wawili kati ya kumi na tisa waliotakiwa kumaliza. Kumi na wawili kati ya kumi na tisa haifiki. Kumi na wawili kati ya kumi na wanane inafika, sawasawa kabisa.

Na katika wale kumi na tisa, mmoja hakuacha shule. Alihamia mji wa Pueblo kwa baba yake na anasoma huko. Ilitakiwa karatasi tu, kutoka shule ya kule, kwamba yupo. Karatasi ikija, anaondolewa kwenye hesabu yetu. Isipokuja, anahesabiwa mtoro, hata kama mji mzima unajua alipo.

Mtoto huyo anaitwa Eliseo. Eliseo ni mwanangu.

Bi Eduvina alinipigia simu mara tatu, nitie saini fomu ya kuiomba karatasi hiyo. Nilijitia hamnazo. Kutia saini kulikuwa kuandika kwa mkono wangu kwamba mwanangu amemchagua baba yake, mwanamume niliyepambana naye mahakamani miaka miwili. Niliona aibu, na aibu ikanifanya mjinga.

Februari mwaka huu, na theluji yote ile, yule mama akavuka mlima kwa pikapu mpaka Pueblo. Wakamwambia kwa adabu kwamba bila saini ya mzazi aliyemwandikisha La Chiquita hawatoi kitu. Mzazi huyo ni mimi. Eliseo alikutana naye kwenye ukumbi wa shule, na baadaye akanisimulia.

"Mama, aliniuliza kama ninakula vizuri. Hakuniuliza kingine."

Aliporudi alikuja hapa kituoni. Nilimwona kupitia kioo hiki, amesimama na koti lake la kijani. Niliweka wimbo. Ukaisha, nikaweka mwingine. Niliweka nyimbo nne mfululizo, nanyi mkanipigia simu kunishukuru. Alipochoka, aliacha fomu dirishani, kalamu imebanwa juu yake.

Machi, bodi ikapiga kura. Bi Eduvina aliomba kusoma majina ya watoto wote arobaini na mmoja. Alipewa dakika tatu. Alikuwa anasoma taratibu, na kwa kila jina anasema mtoto huyo anaamka saa ngapi. Dakika zikaisha hajafika nusu. Wakaifunga. Kati ya watoto hao arobaini na mmoja, ni kumi na tisa tu waliopokelewa shule kubwa. Hao wengine ishirini na wawili, nimeuliza kila ofisi, hakuna anayewahesabu. Bi Priscila anasema tangu siku hiyo dada yake alikaa jikoni na lile kopo mapajani, chakula kinapoa.

Nampa pole Bi Priscila. Nampa pole mzee Onofre, mume wa marehemu. Nawapa pole watoto wa La Chiquita, popote mlipo, na sijui mlipo. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu anasimama nje ya kioo chako leo, zima huo wimbo, utoke.

Ile fomu ninayo hapa mezani. Nimeitia saini asubuhi hii, kwa kalamu yake. Kisha nikapiga simu wilayani kuuliza niipeleke wapi. Binti aliyepokea alitafuta kwa muda, akaniambia kwa upole, "Samahani, mama, shule hiyo siioni kwenye orodha."