Msahihishaji Aliye Ndani ya Simu

Pale Masuguru, Korogwe, ukishapita duka la vipuri vya pikipiki, kuna benchi la taruma la reli ambalo hakuna anayekumbuka nani alilileta. Kila siku baada ya swala ya alasiri, Awadhi hutua hapo birika lake la kahawa, na wenyewe huja mmoja mmoja. Castory wa bodaboda wanamwita Turbo. Mzee Mhina, aliyestaafu kwenye mashamba ya mkonge, wanamwita Hansadi, kwa sababu kila neno lililowahi kusemwa hapo analihifadhi, kisha analitoa likiwa limeharibika. Na Bonaventura, mwandishi wa vibao vya maduka na majina ya misalaba, wanamwita Rula, kwa kuwa miaka thelathini na moja ya kazi hajawahi kushika rula. Jumatano hiyo alikuja akitembea taratibu, na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni, pamoja na rozari. Hakuwa amekaa hapo tangu amzike mkewe, siku thelathini na saba zilizopita. Walimsogezea nafasi, na Awadhi akammiminia kikombe bila kuulizwa.

— Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum, alisema Bonaventura, akigawa salamu kwa kila dini iliyokuwepo.

— Milele amina, Mzee Bona.

— Waaleikum salaam, Rula. Karibu nyumbani.

— Turbo mwanangu, una simu ya kupangusa. Nifungulie haya yaliyoandikwa hapa.

Turbo akakunjua karatasi.

— Mzee Bona, hizi ni tovuti! Umeanza lini kuperuzi?

— Sijaanza. Kuna mwalimu mgeni kwenye chuo cha ufundi, katokea Handeni. Anafundisha kupiga picha na kusanifu matangazo. Kaona kibao cha duka la vipuri, kauliza nani kaandika, kaniachia karatasi dukani. Anataka kesho nikawafundishe wanafunzi wake herufi. Hizo ni tovuti wanazojifunzia huku wakicheza.

— Wanajifunza huku wanacheza? aliuliza Mhina. Ndiyo maana wahenga walisema, mchezea wembe humkata mwenyewe.

— Hiyo inahusu nini, Hansadi?

— Inahusu elimu.

Bonaventura akanywa funda moja. Hakuwaambia kwamba alitaka kuzijaribu kabla ya kumjibu mwalimu, ajue kama bado anafaa. Brashi zake hazikuwa zimeona rangi tangu msiba. Msalaba wa mkewe, Evodia, ulisimama makaburini mweupe, hauna jina, kwa sababu mwandishi wa misalaba Masuguru alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa mfiwa. Hakuna fundi mwingine aliyethubutu kuushika. Jumamosi ilikuwa misa ya arobaini.

Tovuti ya kwanza ilikuwa ya kamera. Palikuwa na picha ya mtoto anayekimbia, na chini yake vitufe vya kuongeza mwanga na kasi. Turbo alipoiona kasi, kahawa akaisahau.

— Oyaa! Cheki! Nikipunguza kasi, mtoto anakuwa kama moshi. Nikipandisha hadi mwisho, kasimama tuli! Dah, sasa nimeelewa. Ndiyo maana nikikata upepo pale Segera, watu wote wa barabarani nawaona wamesimama!

— Wamesimama wanakushangaa, alisema Awadhi. Wanatafuta namba ya ndugu zako.

— Hapana, ni sayansi! Nikiongeza kidogo tu, hata mvua nitaiona imening'inia.

— Utaona malaika wamening'inia, mwanangu, alisema Bonaventura.

Benchi zima likacheka, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia kwamba mzaha ule ulikuwa wake.

— Kupiga picha mimi nakujua, alisema Mhina. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kwa hiyo picha ya mtu mfupi piga ukiwa umeinama. Na ya mrefu?

— Ya mrefu vipi?

— Mrefu ndiye ainame.

Tovuti ya pili ilikuwa ya rangi. Inakuonyesha rangi moja, wewe unazungusha gurudumu mpaka upate inayofanana nayo. Mhina akadai simu apewe yeye, maana alikaa miaka ishirini na sita akiangalia kijani.

— Hii ni kijani ya mkonge wa mwaka wa tatu, kabla ya mvua. Mtoto mdogo anaijua.

Akazungusha kwa madaha. Simu ikampa alama tatu kwa kumi.

— Tatu? Mimi? Aliyetunga hii hajawahi kufika Korogwe! Na anajuaje nimekosea? Nani kaniona?

— Kompyuta, mzee.

— Kompyuta haina macho. Kikulacho ki nguoni mwako! Na simu inakaa wapi? Nguoni! Kuna mtu humo.

— Yupo Dodoma, alisema Awadhi, akipepea mkaa. Kuna chumba, wamekaa watu na kalamu nyekundu. Ukituma, wanasahihisha.

— Mara moja hivyo?

— Wamepangwa kwa zamu.

— Basi nitakuwa nimemkosea adabu, alisema Mhina. Nimeingia ofisini kwa mtu bila hodi.

Hapo Turbo alikwishafungua tovuti ya tatu, ile ya herufi. Neno linatokea likiwa limetawanyika. Herufi ya kwanza na ya mwisho hazitikisiki, za katikati unazisogeza kwa kidole mpaka nafasi zilingane. Ukimaliza unapewa maksi kati ya mia. Mhina akasogeza, akapata thelathini na nane. Akaikurubisha simu mdomoni.

— Shikamoo, mkubwa. Samahani kwa usumbufu. Ni Mhina wa Masuguru.

Akajaribu tena. Arobaini na moja.

— Mmeona! Kaongeza tatu za heshima!

Akaamkia tena, kwa unyenyekevu zaidi, akamuulizia na watoto. Ishirini na tisa.

— Hapo umemwingilia wakati wa chakula, alisema Awadhi.

— Au zamu imebadilika, alisema Turbo, akicheka mpaka akashika nguzo. Sasa kaingia mdogo wako! Umemtia aibu kumwamkia!

— Mpeni Rula, alisema Mhina akitweta. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni nani na mwenyeji nani?

— Watajuana wenyewe humo ndani.

Bonaventura akafuta kidole kwenye suruali, akafanya ishara ya msalaba, akaipokea simu kwa mikono miwili. Hakuwa na mtu wa kusimama upande wa pili. Hilo ndilo lililomzuia kushika brashi tangu msiba. Miaka yote, akiandika kibao, Evodia huvuka barabara, huweka kikapu chini, huangalia. Herufi ikibanwa huinua mkono, wa kulia au wa kushoto, naye huisogeza. Akiridhika hasemi kitu. Huchukua kikapu chake na kwenda sokoni. Watu walidhani rula ilikuwa machoni mwa Bonaventura. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, imejifunga kitenge.

Akasogeza herufi moja. Akaangalia. Akairudisha unywele mmoja.

— Mzee Bona, bando linaisha!

— Muache, alisema Awadhi. Unapimaje, Rula?

— Kwa kahawa, alijibu taratibu. Kila pengo ulione kama kikombe. Ukimimina, yote yajae sawa. Herufi za mviringo zinakula kahawa nyingi juu na chini, kwa hiyo zisogeze karibu.

Awadhi akainamia simu na birika mkononi, kana kwamba ataitwa kumimina.

Tisini na nne. Benchi likaguna. Neno la pili, tisini na saba. La tatu, mia.

— Mia! Turbo akapiga honi ya pikipiki mpaka muuza vipuri akatoka. — Mia kwa mia, na hajatoa hata shikamoo!

— Huko Dodoma wamesimama wote! alipiga kelele Mhina. Wameweka kalamu chini! Wanaulizana, nani huyu? Kesho wanaleta gari!

— Wamchukue na mke wangu akawapikie kahawa, alisema Awadhi, maana birika limekauka.

Walikuwa bado wanapigana mabega kwa furaha dada mmoja aliposimama mbele yao, kamera shingoni, viatu vimejaa vumbi jekundu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Joyceline, ni mwalimu wa chuo cha ufundi. Namtafuta Mzee Bonaventura. Nimetoka makaburini, nimepiga picha misalaba aliyoiandika, niwaonyeshe wanafunzi. Jamani, herufi zinapumua! Akawasogezea kamera, akibonyeza picha moja baada ya nyingine. — Lakini huu hapa uliopakwa nyeupe hauna jina. Huyu ni nani?

Turbo akaitazama simu. Awadhi akatikisa birika alilojua halina kitu. Mhina, mwenye methali ya kila jambo, akaichukua ile karatasi ya tovuti, akaikunja mara nne.

Bonaventura akaipokea kamera. Akaitazama picha, mkono wa pili umeshika rozari mfukoni.

— Ni mke wangu, alisema. Evodia. Herufi sita.

— Mungu wangu. Nisamehe, baba. Sikujua.

— Hukukosea. Umeuliza vizuri. Akamrudishia kamera. — Kesho usiwalete darasani. Walete makaburini saa mbili asubuhi. Mimi nitaandika, wao wasimame ng'ambo ya njia waangalie. Wakiona herufi imebanwa, wainue mkono wa upande inakotakiwa kwenda. Hiyo kazi ilikuwa ya kwake.

— Nitawaleta, baba.

— Wako wangapi?

— Kumi na wanne.

Bonaventura akawahesabu polepole akilini, mmoja mmoja, kila mmoja na kikapu chake.

— Kumi na wanne, alisema. Huenda wakatosha.